Namna ya Kuwa Mlinzi wa Futiboli ya Kimarekani na Kutoka Ukiwa Mzima

Ukitaka kuwa mlinzi katika Ligi ya NFL, anza kwa kuzaliwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto 14. James Harrison alifanya hivyo Mei 1978 mjini Akron, jimbo la Ohio, na ikamfaa. Kama umeshachelewa kwa hilo, basi uwe mfupi kuliko makocha wanavyotaka. Harrison alikuwa na kimo cha sentimita 183 hivi, kimo ambacho mtaani kingekufanya uitwe kila balbu inapoungua, lakini kwa lainibeka wa pembeni Marekani ni pungufu. Kisha nenda chuo kikuu ambacho hakijakuomba uende. Yeye aliingia timu ya Kent State bila ufadhili wa masomo, akapigania jezi kama mgeni, akaja kuwa mmoja wa walinzi bora pale. Mwaka 2002 ikafika siku ya drafti, siku ambayo timu 32 za ligi huchagua vijana wa vyuo kwa zamu. Zilichagua raundi saba nzima. Jina lake halikusomwa.

Nimemfanya Harrison kielelezo cha mwongozo huu kwa sababu safari yake ina kila kituo ambacho mlinzi hupita, kuanzia kudharauliwa, kutemwa na kutukuzwa, hadi kupigwa faini na kuzeeka. Sababu ya pili ni kwamba umri wake mwingi aliucheza Pittsburgh, katika klabu ya Steelers. Mji ule umeonyesha mambo mawili kuhusu walinzi kwa uwazi kuliko mji mwingine wowote ninaoujua: namna wanavyotengenezwa, na namna wanavyoharibika. Anayejifunza la kwanza bila la pili amesoma nusu ya somo, na naandika haya nikimtakia heri kijana anayetaka kuingia, pamoja na mama yake.

Elewa unachoombwa

Uwanja una yadi 100 kutoka mstari wa goli hadi mstari wa goli, karibu mita 91. Kila timu ina watu 11 ndani. Wenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Wakifaulu hupewa mengine manne, na kuendelea hadi waufikishe mpira eneo la mwisho, waupige kati ya nguzo, au washindwe. Kazi yako ni kuwashindisha.

Kuna dhuluma ndogo hapa ambayo inabidi uizoee mapema. Wenye mpira wanajua mpira unakwenda wapi na utaondoka kwa ishara gani. Wewe hujui. Wao wamelala na mpango, wewe unasoma mpango huo machoni mwao, katika uzito walioweka kwenye vidole vya mikono, katika miguu ya yule jitu aliyeinama mbele yako. Ndiyo maana watu wanaosema walinzi ni misuli tu hunikera. Mlinzi mzuri ni msomaji mwenye misuli.

Walinzi husimama kwa safu tatu. Mbele kuna wazito wanaokabiliana kifua kwa kifua. Nyuma yao lainibeka, wanaotakiwa kuwa na nguvu za wa mbele na mbio za wa nyuma. Mwisho ni mabeki wa pembeni na wa kati, wanaowakaba wadakaji na kujaribu kuunasa mpira ukiwa hewani. Harrison alikuwa lainibeka wa nje, na mshahara wake ulitegemea hasa jambo moja: kumfikia kwotabeki, yule mtupaji wa mpira, na kumwangusha kabla hajautupa.

Tazama jambo hilo kwa karibu, maana kwenye televisheni kamera hufuata mpira na kukuficha sanaa yenyewe. Mbele yako kuna mlinda-kwotabeki mwenye kilo 140 na zaidi, mikono mirefu, kazi yake kukuzuia tu. Una sekunde mbili na nusu, labda tatu, kabla mpira haujaondoka. Mpira unapotikisika unaruka hatua ya kwanza, na hatua hiyo ndiyo nusu ya mambo yote. Jitu linanyoosha mikono likulenge kifuani. Sasa ufupi wa Harrison ukawa silaha: alijikunja akapita chini ya mikono ile, bega lake likikaribia nyasi, akakimbia upinde kumzunguka mtu mzima huku akiwa amelala upande, na kuinuka upande wa pili akiwa na kwotabeki mkononi. Au aliamua kutozunguka, akamsukuma jitu lile kinyumenyume hadi likaangukia kwa kwotabeki wake lenyewe. Makocha wa mchezo huu huimba kwamba mwenye kuinama zaidi ndiye mshindi, na yeye alishaumbwa ameinama.

Ushauri mwingine: usizaliwe mapema mno. Ligi ilianza kuhesabu rasmi maangusho ya kwotabeki mwaka 1982. Joe Greene, L.C. Greenwood, Ernie Holmes na Dwight White, wale wanne wa mbele wa Pittsburgh waliotisha Marekani nzima katika miaka ya 1970 na kuisaidia klabu yao kutwaa Super Bowl, fainali ya ligi, mara nne kati ya msimu wa 1974 na wa 1979, waliangusha watu kwa miaka yao mingi bora bila rekodi rasmi ya ligi kuandika hata moja. Kila orodha rasmi ya waliowaangusha kwotabeki wengi inaanza baada yao, nami siiamini orodha yoyote isiyo na Joe Greene.

Usikate tamaa kama umeanza ukubwani. Ezekiel Ansah, Mghana wa Accra, alifika Chuo Kikuu cha Brigham Young huko Utah akiwa na ndoto ya mpira wa kikapu, na futiboli akaianza mwaka 2010 bila kujua namna ya kuvaa vikinga vyake. Miaka mitatu baadaye Detroit Lions walimchagua wa tano katika drafti nzima. Mwaka huohuo wa 2013 Daniel Adongo, mwana wa Nairobi aliyekuwa akicheza raga ya kulipwa Afrika Kusini na New Zealand, alimwaga wino Indianapolis Colts akiwa hajawahi kucheza mechi hata moja ya futiboli ya Kimarekani. Walimfanya lainibeka, na Desemba akaingia uwanjani, Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi ile. Nilipenda sana kwamba kazi waliyompa kwanza ni ile isiyoimbwa: kukimbia kasi mpira unapopigwa mbali, umfikie aliyeudaka, umwangushe. Raga ilikuwa imemfundisha kumkaba mtu bila kofia ngumu, yaani kwa bega na kwa akili. Wamarekani wana la kujifunza hapo, na nitalirudia.

Temwa, halafu temwa tena

Hatua inayofuata ni kufukuzwa kazi. Ifanye vizuri, usiiharakishe.

Baada ya drafti kumpita, Harrison alisajiliwa na Steelers kama mchezaji huru. Timu huingia kambi ya kiangazi na watu 90 na kuanza msimu na 53, kwa hiyo hesabu yenyewe inakuambia kwamba wengi wanaotoka jasho pamoja nawe Agosti hawatakuwepo Septemba. Mtumishi wa klabu humfuata mchezaji mlangoni asubuhi na kumwambia kocha anamwita, aje na kitabu chake cha mipango. Anayeambiwa alete kitabu ameshajua. Hakuna haja ya kuendelea kumweleza.

Steelers walimtema Harrison mara tatu. Baltimore Ravens wakamchukua, wakampeleka Ujerumani kucheza timu ya Rhein Fire katika ligi ya Ulaya, kisha wakamtema nao. Na tuseme ukweli, makocha wa awali hawakumwonea bure. Mwenzake James Farrior alisimulia baadaye kwamba kijana yule, akisahau mpango katikati ya mazoezi, alikuwa anasimama tu, anainua mikono na kuomba atolewe. Alikuwa na mwili wa simba na kitabu hakijamwingia kichwani. Ndiyo maana nasema jambo la kwanza la kununua, kabla ya viatu, ni daftari. Majina ya mipango ni mamia, na kila jina lina kazi tofauti kwa kila mmoja wa watu 11. Ukikosea wewe mmoja, mdakaji wa upande wa pili anabaki peke yake na uwanja mzima mbele yake.

Mwaka 2004 alikuwa amekaribia kuuacha mpira. Ndipo lainibeka mmoja wa Steelers, Clark Haggans, akaumia mkono akinyanyua vyuma, na klabu ikampigia simu yule iliyemtema. Novemba mwaka huo, huko Cleveland, Joey Porter, nyota wa nafasi yake, alitolewa kwa kupigana na mpinzani kabla hata mechi haijaanza. Harrison akaanza mechi yake ya kwanza. Riziki yake ilipitia mkono wa mwenzake ulioumia na hasira ya mwingine. Katika kazi hii nafasi huja kwa mtindo huo, na mtu ambaye hajasoma daftari lake usiku uliotangulia hawezi kuipokea.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 24 Desemba 2005, ilikuwa Cleveland tena, na shabiki mmoja akaruka uzio akaingia uwanjani mechi ikiendelea. Harrison alimbeba, akamtua chini na kumshikilia hadi askari walipofika. Steelers walishinda 41 kwa 0. Shabiki, usiingie uwanjani. Hata mimi niliye mbali nauona upendo wako ukiwa hapohapo kwenye kiti.

Mwili ni duka lako

Harrison alipopata namba ya kudumu mwaka 2007 alikuwa na miaka 29, umri ambao walinzi wengi wameshatundika daluga. Chama cha wachezaji kimekuwa kikitaja wastani wa miaka mitatu na kidogo kwa mchezaji wa ligi ile. Mtu anasoma miaka minne chuoni kujiandaa kwa kazi ya mitatu.

Harrison alicheza hadi akakaribia miaka 40, na siri yake haikuwa siri: alijigharamia. Kwa maneno yake mwenyewe alikuwa akitumia mamia ya maelfu ya dola kwa mwaka kuutunza mwili. Wakandaji, tiba ya sindano, chuku zile ambazo pwani yetu inazijua kwa jina la hijama, chakula cha kupimwa, na vyuma ambavyo video zake zinaonyesha akivisukuma kama mtu anayehamisha nyumba. Mwanamichezo wa mshahara wa chini hawezi kuyamudu haya, na klabu hazimlipii kwa kiasi hicho. Naona hilo ni kosa kubwa la ligi. Mmiliki anayekarabati paa la uwanja wake kila msimu anamwachia mlinzi wake akarabati magoti kwa fedha zake mwenyewe.

Na mkataba? Soma maandishi madogo. Mwaka 2009 Harrison alimwaga wino mkataba wa miaka sita wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 51, na magazeti yakapiga tarakimu hiyo kwa herufi kubwa. Sehemu iliyohakikishwa ilikuwa ndogo kuliko nusu. Mwaka 2013 klabu ilimtaka akubali kupunguziwa, akakataa, ikamtema baada ya misimu minne. Miaka sita ya kwenye karatasi iliwafunga watu wa upande mmoja tu. Mchezaji wa kikapu au wa besiboli nchini humohumo kwa kawaida akisaini miaka sita analipwa miaka sita, aumie asiumie. Mlinzi, ambaye kazi yake ni kugongana, ndiye ambaye fedha yake inaweza kuondoka asubuhi moja. Kwa hiyo ukiambiwa jumla ya mkataba, muulize wakala wako swali moja: kiasi gani nitalipwa nikivunjika kesho? Kiasi hicho ndicho mkataba wako.

Kimbia yadi 100 mara moja katika maisha yako

Haya ndiyo yanayowafanya vijana wavumilie mengine yote, na siwezi kuwalaumu.

Tarehe 1 Februari 2009, Tampa, Florida. Super Bowl ya 43, Steelers na Arizona Cardinals. Zimebaki sekunde 18 kabla ya mapumziko, Steelers wako mbele 10 kwa 7, na Cardinals wako yadi moja kutoka kwenye mstari. Harrison ndiye mlinzi bora wa ligi msimu huo, mchezaji wa kwanza asiyechaguliwa kwenye drafti kupata tuzo hiyo. Mpango ulioitwa na Dick LeBeau, mkuu wa ulinzi, ulimtaka avamie. Akaanza kama anavamia, kisha akasita. Alikuwa amesoma: kwa muda uliobaki watatupa mpira wa haraka, mfupi, kwa ndani. Akarudi hatua mbili, akajificha nyuma ya mwili wa mtu wa mstari wa mbele. Kurt Warner hakumwona. Mpira ukatoka kuelekea kwa Anquan Boldin, na ukaishia mikononi mwa kitinda mimba wa Akron, pale pale kwenye mstari wa goli lao.

Mtu wa kilo 110 hivi hakuumbwa kukimbia mita 91 na vikinga vyote mwilini. Alikimbia ukingo wa kulia. Wenzake waligeuka mara moja, kutoka walinzi wakawa wafagiaji wa njia, wakiangusha Cardinals mmoja mmoja mbele yake. Saa ilifika sifuri akiwa bado njiani, maana yake akianguka popote kabla ya mstari mpira unakufa na hakuna jaribio jingine. Larry Fitzgerald, mdakaji mwenye mbio kuliko yeye kwa mbali, alimkimbiza kwa nje ya uwanja na akamgonga mwenzake wa Arizona aliyekuwa amesimama ukingoni akitazama. Akapoteza hatua mbili tatu. Alimfikia Harrison palepale kwenye mstari, yeye na mwenzake Steve Breaston, wakamrukia, na Harrison akatua kichwa chini ndani ya eneo la mwisho.

Waamuzi waliangalia marudio. Bao limehesabiwa. 17 kwa 7. Harrison alibaki amelala chali, kifua kikipanda na kushuka, hawezi kuinuka kushangilia, baadaye akapewa barakoa ya oksijeni. Mechi iliisha 27 kwa 23, tofauti ya pointi nne, na bao lile moja lilikuwa na thamani ya sita bila kuhesabu zile ambazo Cardinals walikuwa karibu kuzipata. Nimelitazama mara nyingi, na kila mara jicho langu huenda kwenye zile hatua mbili za kurudi nyuma. Aliyewahi kuinua mikono mazoezini kwa kutojua afanye nini, siku ile alijua kuliko mpango wenyewe.

Piga, lakini usipige

Sasa jifunze kulipwa na kuadhibiwa kwa jambo lilelile.

Tarehe 17 Oktoba 2010 Harrison aliwagonga wachezaji wawili wa Cleveland Browns katika mechi moja, Joshua Cribbs na Mohamed Massaquoi, na wote wawili wakatoka uwanjani wakiwa na mtikisiko wa ubongo. Kwa lile la Massaquoi ligi ilimpiga faini ya dola 75,000. Akasema huenda akastaafu, maana haelewi tena kazi yake ni ipi. Wiki hiyohiyo ikagundulika kwamba tovuti ya ligi ilikuwa ikiuza picha ya pigo lenyewe. Iliondolewa baada ya malalamiko. Msimu uliofuata Harrison alimgonga kwotabeki Colt McCoy, kofia kwa kofia, akawa mchezaji wa kwanza kufungiwa mechi chini ya sheria mpya dhidi ya mapigo ya namna hiyo.

Wapenzi wengi wa Steelers walilia kwamba anaonewa. Mimi nasimama na sheria, nikiwa na sababu. Pigo la kofia kwa kofia linamuumiza anayepigwa na anayepiga, na aliyepiga mara elfu hata asipoanguka hata moja ameukusanya mzigo wote kichwani mwake. Harrison alilindwa na faini zile, ingawa najua alikasirika na nisingeketi meza moja naye kumweleza hivyo. Lakini ligi nayo ijibu: kwa miaka mingi iliuza kanda za mapigo makubwa kuliko yote na kuzipamba kwa muziki, ikawafundisha watoto kwamba hilo ndilo la kushangiliwa, kisha ikamtoza faini aliyefuzu somo hilo. Kanda zingekusanywa kwanza, faini zikafuata.

Kwa hiyo jifunze kukaba kwa bega, kichwa kikiwa pembeni ya mwili wa mpinzani, macho juu, mikono ikifunga mapaja. Wacheza raga hufanya hivyo kila siku, na Adongo alifika Indianapolis akiwa nalo tayari. Uti wa mgongo wako utakushukuru. Tarehe 4 Desemba 2017, mjini Cincinnati, Ryan Shazier, lainibeka kijana wa Steelers mwenye mbio za ajabu, aliinamisha kichwa akimkaba mtu, na miguu yake ikakoma hapohapo. Alipasuliwa mgongo. Alijifunza kutembea upya, na mwaka 2019 alicheza dansi kwenye harusi yake mwenyewe, lakini uwanjani hakurudi tena.

Uwanja huohuo wa Cincinnati, tarehe 2 Januari 2023, Damar Hamlin wa Buffalo Bills, mtoto wa kitongoji cha Pittsburgh, alimkaba mtu kihalali kabisa, akasimama, akaanguka. Moyo ulikuwa umesimama kwa pigo la kifuani lililofika katika sehemu ya sekunde ambayo ni ya hatari. Msaidizi wa tiba wa klabu yake, Denny Kellington, alianza kumkandamiza kifua palepale kwenye nyasi, wenzake wakiwa wamepiga duara huku wanalia. Alipozinduka hospitalini aliuliza kwa maandishi kama wameshinda. Msimu uliofuata alirudi kucheza. Ukitembelea timu ya kijana wako, ya mchezo wowote, usiulize wana makombe mangapi. Uliza mashine ya kushtua moyo iko wapi, na nani anajua kuitumia.

Kichwa

Mwaka 2002, ule ambao Harrison alifika Pittsburgh mara ya kwanza, Mike Webster alifariki katika mji huohuo akiwa na miaka 50. Alikuwa mchezaji wa katikati ya mstari wa Steelers katika zile Super Bowl nne. Aliishi miaka yake ya mwisho amechanganyikiwa, akilala mara nyingine ndani ya gari. Mwili wake ulifika mbele ya daktari kijana kutoka Nigeria, Bennet Omalu, aliyekuwa akifanya kazi ya uchunguzi wa maiti katika wilaya ile na hakuwa shabiki wa futiboli hata kidogo. Ubongo ulionekana wa kawaida. Omalu hakuridhika, akaukata vipande vyembamba na kuvichunguza kwa gharama yake, akakuta protini zilizojikusanya mahali pasipo pake: ugonjwa wa kuzorota kwa ubongo unaotokana na mapigo ya kichwa ya mara kwa mara, unaofupishwa CTE. Makala yake ilitoka 2005. Madaktari wa kamati ya ligi walitaka iondolewe. Ilibaki.

Dave Duerson alikuwa beki wa kati wa Chicago Bears katika ile timu ya msimu wa 1985 ambayo ulinzi wake bado unatajwa kama bora wa wakati wote. Baada ya kustaafu alikaa kwenye bodi iliyokuwa ikiamua maombi ya fidia ya ulemavu ya wachezaji wa zamani, na maombi mengi yalikataliwa. Februari 2011, akiwa na miaka 50, alijiua, akiwa ameacha ombi kwamba ubongo wake upelekwe kuchunguzwa. Walikuta CTE. Mwaka uliofuata Junior Seau, lainibeka wa misimu 20, akaenda kwa njia hiyo akiwa na miaka 43, na uchunguzi ukatoa jibu lilelile. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walichapisha kwamba katika bongo 111 za wachezaji wa NFL walizopewa, 110 zilikuwa na ugonjwa huo. Familia nyingi zilitoa bongo hizo kwa sababu zilishaona dalili, hivyo tarakimu hiyo haimaanishi kila mchezaji anao. Inamaanisha kwamba hakuna mtu mwenye haki tena ya kusema hajui.

Ukiona nyota baada ya pigo, ukisahau alama, ukitaka kutapika, toka nje. Sema kwa sauti. Kama kocha anakuangalia vibaya, mwache aangalie. Najua ni rahisi kuandika na ni vigumu kufanya ukiwa wa 53 katika orodha ya watu 53, na ndiyo sababu uamuzi huo usiachwe mikononi mwa mchezaji wala mwa kocha, uwe wa daktari asiyelipwa na klabu.

Karatasi

Kustaafu fanya mara mbili, kwa mazoezi. Harrison alitangaza kuacha Septemba 2014, mwezi haujaisha Steelers wakampigia simu kwa sababu mtu ameumia, akarudi. Aliondoka akiwa na maangusho 80 na nusu ya kwotabeki kwa klabu ile, rekodi yake hadi T.J. Watt alipoivuka. Desemba 2017 walimtema kwa mara ya mwisho, akaenda New England, akacheza Super Bowl moja zaidi na kushindwa na Philadelphia, akatundika daluga Aprili 2018.

Baada ya hapo kazi yako ni kutunza karatasi. Wachezaji wa zamani waliishtaki ligi kuhusu bongo zao, na makubaliano ya fidia yakaanza kutekelezwa 2017. Kupata fidia kulihitaji kuthibitisha kwamba akili imepungua kutoka kiwango cha awali. Vipimo vilivyotumika viliruhusu kudhani kwamba mchezaji mweusi alianza na kiwango cha chini, hivyo ili aonekane amepungua ilibidi aanguke zaidi kuliko mzungu mwenye matokeo yaleyale. Katika ligi ambayo walinzi wake wengi ni weusi. Mwaka 2020 wachezaji wawili waliowahi kuvaa jezi ya Steelers, Najeh Davenport na Kevin Henry, huyu wa pili akiwa mtu wa mstari wa mbele wa ulinzi kwa misimu minane, walikwenda mahakamani kuipinga. Juni 2021 ligi iliahidi kuacha, na maombi ya zamani yakaanza kukokotolewa upya. Sina neno la upole kwa waliobuni hesabu ile.

Na makubaliano yale yanawahusu waliostaafu kabla ya tarehe 7 Julai 2014. Wewe unayeanza leo humo ndani humo. Kwa hiyo kabla ya mazoezi ya kwanza, ukiwa hujagongwa hata mara moja, kapimwe kumbukumbu na akili kwa daktari wako mwenyewe, uandikiwe matokeo yaliyotiwa saini na tarehe. Rudia kila mwaka. Omba nakala ya kila ripoti ya daktari wa klabu, kila sindano ya kutuliza maumivu, kila siku uliyotolewa uwanjani ukiyumba. Weka seti moja kwako na nyingine kwa mtu anayekupenda na asiye wakala wako.